Mkeka wa Umeme na Mtungi wa Zuhura

Siku yangu ya kwanza kwenye kituo cha nyoka cha Pugu nilikabidhiwa boksi tupu la kioo, balbu mbili na mkeka mdogo wa umeme, nikaambiwa niandae makazi ya chatu mchanga. Nilihangaika nalo asubuhi nzima. Nilipomaliza nilipima katikati, nikapima pembe zote nne, kote nikakuta nyuzi thelathini na mbili. Nikamwita Daktari, mganga wa mifugo aliyekuwa na kituo kile, nikasimama pembeni kungoja sifa zangu.

Daktari akapima mwenyewe, kisha akanitazama. "Fundi, umetoka wapi?"

"Chang'ombe, Daktari. Karakana ya mashine za kutotolea vifaranga."

"Nimeona. Sasa sikiliza. Nyoka si yai. Yai linakaa pale ulipoliweka. Nyoka anataka upande wa kuota joto na upande wa kulikimbia. Hapa ulipomweka akizidiwa atakwenda wapi?"

Mwanamke aliyekuwa akipiga deki kwenye korido alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo tu cha puani, na nadhani hakukusudia nikisikie. Lakini nilikisikia, na mpaka leo ninakisikia. Mwanamke huyo ni Zuhura, na kumbukumbu hizi za kazi yangu haziwezi kuandikwa bila yeye, ingawa nimejaribu mara mbili.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wivu. Mke wangu husema niliunyonya kwa mama. Ninyi vijana mnaosoma haya ili mjue jinsi ya kuchagua vifaa vya joto na unyevu, chukueni ujuzi, wivu niachieni mwenyewe.

Chang'ombe nilifundishwa na Mkuu wa Karakana, mzee mkali aliyetembea na kipimajoto sikioni kama seremala na penseli yake. Alikuwa akituambia, "Joto likipishana nyuzi moja, kachimbe kaburi la vifaranga." Kwa hiyo nilikulia katika imani ya joto lililolala sawa. Nilikuwa na cheti changu, nimekiwekea fremu. Kituo cha Pugu kiliponiajiri, kikiwa na vibali vyote vya kufuga na kuonyesha nyoka, nilijua nimeajiriwa kwa ubingwa. Zuhura aliajiriwa kufagia na kubadilisha maji ya nyoka.

Alitoka Temeke, kwenye familia ya Kiarabu yenye duka la vyombo tangu enzi za babu yake. Hakuwa na cheti chochote. Alichokuwa nacho ni macho. Akimaliza kufagia alikuwa akikaa kwenye kigoda mbele ya boksi, akitazama nyoka amelala upande gani, saa ngapi amehama, amejikunja au amejinyoosha, na yote akayaandika kwenye daftari la shule. Mimi nilisoma vipimo, yeye alimsoma mnyama. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba hizo ni kazi mbili tofauti, na kwamba yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza.

Nieleze vifaa kidogo. Balbu ya kawaida inatoa joto, lakini inatoa na mwanga, na nyoka anayewashiwa taa saa zote hana raha. Ipo balbu ya udongo ambayo haitoi mwanga. Hiyo ni nzuri, mradi uizungushie kizimba cha waya, maana nyoka hana akili ya kuogopa kitu cha moto na atakizungukia mpaka aungue. Mkeka wa umeme unalazwa chini ya boksi kwa nje, theluthi moja tu ya sakafu, ili theluthi mbili zibaki za kupoa. Vyote hivyo havifai bila kidhibiti joto, kiboksi kinachowasha na kuzima umeme chenyewe. Kidhibiti kina waya mrefu, na mwisho wa waya kuna sensa ndogo kama punje ya mchele. Sensa ndiyo inayokiambia kidhibiti joto limefika wapi. Sensa ikidanganywa, kidhibiti nacho kinadanganyika.

Unyevu ni habari nyingine. Pwani yetu hewa ina maji ya kutosha, lakini mtu akifuga nyoka kwenye nyumba ya kiyoyozi, hewa inakaushwa na nyoka anashindwa kujivua gamba. Linatoka vipandevipande, linabaki kwenye mkia, linabaki machoni. Mimi kwa tatizo hilo niliagiza mashine ya kutoa ukungu, yenye taa ya buluu na mlio wa kukoroma. Zuhura alileta mtungi.

Ulikuwa mtungi wa maji wa bibi yake, uliopasuka mdomo. Aliulaza kwa ubavu, akajaza ndani makumbi ya nazi yaliyoloweshwa na kukamuliwa, akauweka kwenye boksi la chatu ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuwa meupe, dalili kwamba karibu anajivua. Chatu akaingia mtungini, akakaa humo siku tatu. Siku ya nne gamba lilitoka zima, kuanzia mdomo hadi ncha ya mkia, kama soksi.

Daktari akalinyanyua juu ili wafanyakazi wote walione. "Fundi," akaniambia, "zima hiyo mashine yako, inawatisha wageni."

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu kuliko wote, ili wasione uso wangu. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikamwambia mke wangu chakula kina chumvi nyingi, na hakikuwa na chumvi nyingi.

Tangu hapo nilimwonea wivu Zuhura kwa kila kitu. Alipoitwa ofisini nilikuwa na la kufanya karibu na dirisha la ofisi. Alipopewa koti jeupe nilisema halimkai. Daktari alipomruhusu kuandika karatasi za vifaa, niliumwa kichwa cha kweli, nikaomba ruhusa nikalale.

Karatasi ya vifaa ilikuwa na utaratibu wake pale kituoni. Mtu mwenye kibali akitaka kufuga nyoka, mmoja wetu alimchagulia vifaa, akaandika kila kimoja na mahali pa kukiweka, akatia sahihi. Mfungaji alifunga kama ilivyoandikwa. Ila chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja: maoni ya mfungaji. Daktari aliuheshimu mstari ule. "Anayechagua yuko mezani," alikuwa akituambia. "Anayefunga ndiye anayeona."

Siku moja akaja Mama Neema, mwanasheria wa Mikocheni, aliyekuwa na chatu aliyeitwa Bahati. Kiyoyozi cha nyumba yake hakizimwi, na Bahati gamba lilikuwa limemganda machoni. Daktari alituambia mimi na Zuhura kila mmoja alete pendekezo lake, kisha akaongeza kwamba kituo kinahitaji Msimamizi wa Vifaa, naye atatazama kazi hii. Nililala na pendekezo langu siku tatu. Daktari akachukua la Zuhura: mkeka wa umeme, kidhibiti na mtungi. Mimi nikatumwa kwenda kufunga.

Nilifika Mikocheni nikiwa nimekunja uso. Kwenye karatasi Zuhura alikuwa ameandika kwamba sensa ibandikwe ndani, kwenye sakafu ya kioo juu ya mkeka, kwa tepu. Pugu tulifanya hivyo kila siku na ilishika, kwa sababu maboksi yetu yalikuwa mapana na mtungi ulikaa mbali. Boksi la Mama Neema lilikuwa jembamba. Nilipoweka mtungi, ubavu wake uligusana na tepu. Udongo ule ukivuja maji kidogokidogo, tepu ingelegea. Sensa ingeteleza mpaka kwenye ubaridi wa mtungi, ingekiambia kidhibiti kuwa boksi zima limepoa, na mkeka ungeendelea kuwaka bila kuzimwa. Dawa yake ilikuwa kazi ya dakika tano: kuibana sensa kwa nje, kati ya mkeka na kioo, ambako maji hayafiki.

Niliyaona yote hayo wazi kabisa. Nikachukua kalamu, na kwenye mstari wa maoni ya mfungaji nikaandika: Hakuna.

"Kila kitu kiko sawa, baba?" Mama Neema aliuliza.

"Kama karatasi inavyosema, mama," nikamjibu.

Wiki ya pili alikuja Pugu analia, Bahati akiwa kwenye beseni amefunikwa taulo. Tumbo lilikuwa limebabuka, jeraha refu kuliko kiganja changu. Nyoka hapigi kelele. Alilala tu pale, anafungua mdomo na kuufunga. Nilitaka kumfedhehesha Zuhura, basi. Huyu mnyama sikuwa nimemfikiria hata kidogo.

Daktari alituita sote wawili. Karatasi ilikuwa mezani mbele yake.

"Nani aliandika tepu ndani?"

"Mie, Daktari," Zuhura akasema. "Sikuuliza upana wa boksi. Kosa langu."

"Fundi, wewe uliyefunga hukuona kitu?"

Zuhura aliigeukia ile karatasi, akaisoma mpaka chini, kisha akanitazama mimi. Nilisema, "Hapana, Daktari."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa Msimamizi wa Vifaa. Nilipewa meza, kabati na funguo. Nilifunga mamia ya maboksi kuanzia hapo, na sikuwahi tena kubandika sensa ndani. Kila niliyemfundisha nilimwambia aibane nje, na kila nilipofundisha niliona aibu.

Mama Neema alimwacha Bahati kituoni, hakuweza tena kumtazama. Zuhura alinyang'anywa karatasi za vifaa, akarudi kwenye ndoo na fagio, akaongezewa kumuuguza Bahati. Alimpaka dawa asubuhi na jioni kwa miezi. Ungedhani wivu wangu ungekwisha, maana nilikuwa nimeshinda. Haukwisha. Nilimwonea wivu kwa jinsi yule nyoka alivyotulia mikononi mwake. Bahati alipona, akabaki na kovu, na kila alipojivua gamba, alama ya kovu ilionekana juu yake. Zuhura alizitundika zile ngozi kwenye korido, moja baada ya nyingine, na mimi nilipita korido ile kila siku kwenda kwenye meza yangu.

Siku ya kustaafu kwangu walipika pilau. Daktari, mvi zimemjaa, alitoa hotuba akasema kituo hakijapata jicho kali kama langu. Nilitazama sahani. Watu walipoanza kutawanyika Zuhura akanijia na bahasha ndefu ya kaki.

Ndani kulikuwa na gamba la Bahati, zima, kovu likionekana tumboni. Lilikuwa limezungushiwa karatasi kuukuu. Niliifungua. Ilikuwa ile karatasi ya Mikocheni, na chini kabisa mwandiko wangu: Hakuna.

"Uliona, Fundi," akasema.

"Niliona."

"Nilijua. Mtu wa mashine za vifaranga akose kuona sensa itakuwa wapi? Nilijua palepale ofisini."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungefukuzwa, na watoto wako walikuwa bado shule. Na mie kweli sikuuliza upana wa boksi. Nikasema, ngoja, atakuja kuniambia mwenyewe." Akacheka, kicheko kilekile cha puani. "Umechelewa kweli, kaka yangu. Haya, pumzika salama. Msalimie shemeji."

Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama kati ya masufuria, akaniambia alishanisamehe zamani, kabla hata Bahati hajapona. Nilitoka pale nikiwa na hasira. Vijana, sikilizeni mtu mzima anavyoweza kuwa mjinga: nilimwonea wivu na kwa hilo. Hata katika kusamehe alikuwa amenitangulia.

Sasa niko nyumbani Chang'ombe, nasikia nyundo za karakana za jirani na sina wa kumkagua. Cheti changu nimekitoa kwenye fremu, mahali pake nimetia ile karatasi. Nililikata neno Hakuna kwa mstari mmoja, pembeni nikaandika nilichopaswa kuandika: tepu haitashika, mtungi uko karibu mno, sensa ibanwe nje. Juu ya fremu nimetundika gamba. Wageni wakiingia hulitazama kabla hata ya kukaa. "Mzee," huniambia, "hii ni kazi ya bingwa. Ulilitoaje zima hivi?"

Najibu kwamba si mimi, ni Zuhura. Kila nikilitaja jina hilo linanichoma, na kila mgeni akiuliza nalitaja.