Foto ya Kwenye Maua ya Buluu

Hapa Texas watu wana desturi yao. Baridi ikiisha, maua ya buluu yakijaa kando ya mto, wanakalisha watoto humo na kuwapiga foto. Mwaka tulipofika kutoka kambi ya wakimbizi nilicheka sana. Kwetu ua ni chakula cha mbuzi. Siku hizi sicheki, nitaeleza.

Bibi yangu, mke wangu, alipoacha kazi ya ghala kule Mesquite, kwa sababu ya ugonjwa wa ini, kazi iliyombakia ilikuwa kutazama ndege. Binti yetu alimnunulia darubini, tukawa tunamsindikiza kwenye ile njia ya mtoni, polepole, tukipumzika kila benchi. Yangeyange, yule ndege mweupe, alimjua tangu kwetu Uvira. Yule mwekundu wa huku alimwita mlokole, kwa kuwa hanyamazi. Mimi na macho haya mabovu niliona matawi tu, nikaitikia ndiyo, ndiyo.

Jumapili moja binti akamwambia mama yake akae kwenye maua ampige foto. Sauti yake haikuwa sawa. Nikaelewa, na bibi akaelewa. Sisi Wakongo tulio huku, mtu akifa, sura yake inachapwa kwenye tisheti, ukoo mzima tunaivaa msibani. Na bibi hakuwa na foto, ila ile ya karatasi za ukimbizi, inayomwonyesha kama mwizi wa kuku. Alikuwa mzuri, lakini mpiga foto wa kambini alikuwa na haraka.

Bibi akashusha darubini, akamtazama mtoto wake.

"Ndiyo hii mtakayonivaa?"

Binti akaanza kulia. Mimi nikageukia mto, nikajifanya natafuta ndege.

Bibi akakaa chini taratibu, akafunga kilemba upya, akatandaza kitenge juu ya tumbo lililovimba. Kisha akaniita.

"Mzee, kuja ukae. Watakukata kwenye foto baadaye."

Nikakaa. Udongo ulikuwa na maji, suruali ikalowa. Nikaweka mkono begani kwake, nikakuta mfupa mtupu. Binti akapiga, akarudia, mpaka mama yake akasema inatosha, amechoka, na ndege wamekimbia.

Maua yalikuwa hayajakauka yote tulipozivaa zile tisheti. Mchapaji alinikata kweli, lakini vibaya: vidole vyangu vimebaki begani pake, havina mwenyewe. Binti aliona aibu, akataka zirudishwe zitengenezwe. Nikamwambia aache.