Baiskeli ya babu iligawanywa kwenye mirathi. Nimeiunga upya, rangi ndiyo imeleta balaa

Wakuu, heshima kwenu nyote, mlio kazini na mliojificha chooni na simu.

Niseme mapema, hii si chai. Baiskeli ipo, na shangazi yangu yupo, ambaye nikiongeza hata chumvi kidogo atanipigia simu kunisuta.

Mimi ni mtu wa ugavi katika ofisi moja pale Mtumba, Dodoma. Naishi Nzuguni, kwetu ni Mpwapwa mjini. Nataja kazi yangu kwa makusudi: kutafuta vitu vilipo na kuvikusanya ndiyo fani yangu, na kwenye hili nilifanya kazi safi. Nitajisifu humu, mvumilie.

Sasa twende taratibu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na duka Mpwapwa, na alikuwa na baiskeli. Ile ya kizamani, fremu ndefu, breki za vyuma, ukiipanda unakaa wima kama diwani. Alipofariki aliacha watoto watatu: baba yangu, shangazi, na baba mdogo ambaye ndiye kitindamimba.

Mirathi ilienda vizuri tu. Nyumba, duka, mbuzi, sheikh akagawa na watu wakaitikia. Ikabaki baiskeli.

Baba akasema ni yake, yeye ndiye mkubwa. Baba mdogo akasema ni yake, yeye ndiye aliyekuwa anaiosha na kumpeleka mzee msikitini. Sheikh akashauri iuzwe wagawane. Wakakataa wote wawili. Kila mmoja alikuwa radhi aikose, mradi mwenzake asiipate.

Basi wakachukua spana.

Wakuu, waliifungua pale pale uani. Baba akaondoka na fremu na usukani. Baba mdogo akaondoka na magurudumu, cheni na pedali. Shangazi, kwa kuwa fungu la mwanamke ni nusu ya la kaka yake, akapewa siti, keria na kengele. Mpaka leo anasema yeye ndiye aliyepata vitu vya maana.

Toka siku hiyo baba na baba mdogo hawakuongea tena. Nikisema hawakuongea, sitanii. "Asalaam aleikum" wanaitikiana kwa sababu ni dini, tena wakitazama pembeni, halafu kimya. Kwenye harusi yangu picha ya familia ilipigwa mara mbili.

Ukoo wetu una ugonjwa mmoja, hatujishushi. Na mimi ninao, mtauona mbele.

Anayeteseka ni shangazi. Kila Iddi yeye ndiye anayepika, na kila Iddi anapakua mara mbili. Baba anakuja na watu wake baada ya swala, wanakula, wanaondoka. Baba mdogo anakuja na watu wake alasiri, sinia jingine linatoka. Pilau ile ile, mkeka ule ule, watu hawakutani.

Mwaka jana nilimkuta jikoni baada ya zamu ya pili, amekaa ameshika kiuno. Nikamwambia pole shangazi. Hakunitazama.

"Na mimi nikifa, mtanizika kwa zamu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema hana shida na zawadi wala kanga za Iddi, anataka kitu kimoja tu kabla miguu yake haijakataa jiko: awaone kaka yake na mdogo wake kwenye sinia moja.

Nilirudi Dodoma na lile neno limenikaa kifuani. Kusuluhisha wazee mimi siwezi, walishajaribu mashehe. Nikajiuliza, nini kiliwatenganisha? Baiskeli. Sasa hiyo baiskeli naweza kuipata?

Hapo ndipo mtu wa ugavi alipoingia kazini.

Nilianza kwa baba. Fremu ilikuwa imefungwa na waya kwenye banda la mbuzi, ndiyo mlango. Usukani ulikuwa ukutani chumbani kwake, anatundikia kanzu. Nikamwomba. Akaniuliza magurudumu nitatoa wapi. Nikasema nitanunua Dodoma. Uso ukamng'aa, akafungua waya mwenyewe. Nilielewa baadaye kwamba alifurahi kwa sababu magurudumu ya mwenzake sasa hayana kazi.

Kwa shangazi haikuhitaji maneno. Kengele ilikuwa mlangoni kwake, wageni wanapiga hodi nayo. Keria alikuwa anaanikia vyombo. Siti alikuwa ameipigilia kwenye gogo, ndiyo kigoda chake cha kupikia. Akaving'oa vyote, akanipa, akaniambia nikirudi mikono mitupu nitamnunulia kigoda cha sofa.

Kwa baba mdogo ndipo nilipogonga mwamba. Gurudumu moja anatumia kisimani, kamba ya ndoo inapita kwenye rimu. La pili liko dukani kwake, limening'inia darini, amelifunga ndala pande zote. Mteja analizungusha mwenyewe mpaka aone anayoitaka. Kusema kweli ni ubunifu.

Akaniuliza fremu iko wapi. Nikamwambia iko kwangu. Akasema, "Aliyekupa fremu akupe na magurudumu," akageukia mteja. Nikaondoka.

Nikarudi Dodoma, nikaenda Majengo kwa wauza spea kuukuu. Nikapata magurudumu mawili, cheni na pedali za kufanana na zile za zamani. Rimu moja ilikuwa inayumba vibaya, ukiizungusha unaona kama imelewa. Muuzaji akasema niipeleke kwa fundi. Mimi? Ugonjwa wa ukoo ukapanda. Nikanunua spana ya spoku, nikaigeuza baiskeli kichwa chini barazani, nikawa nakaza huku nalegeza kule, kila jioni nikitoka kazini. Nilikata spoku, nikajichoma vidole, lakini ile rimu ilinyooka. Karibu inyooke yote. Hilo "karibu" mlishike.

Halafu nikaja kwenye rangi.

Fremu ilikuwa nyeusi, yenye kutu. Nilipoipiga msasa, chini ya nyeusi ikatokea kijani. Nikashangaa. Nikampigia baba: baiskeli ya babu ilikuwa rangi gani? Kijani, akasema, tena kijani kilichoiva. Nikampigia baba mdogo. Nyeusi, na anayesema vinginevyo ni mwongo, na anamjua huyo mwongo ni nani.

Mnaona mtego? Nikipaka kijani, nimekaa upande wa baba. Nikipaka nyeusi, nimemkana baba aliyenizaa. Baiskeli nzima inaharibika kwa kopo la rangi.

Nikapaka bluu.

Msicheke. Fundi wa mageti jirani alikuwa na bluu safi imebaki, na mimi nilitaka rangi isiyo na mwenyewe.

Mkono wa kwanza nilipaka nje. Mnaoishi Dodoma mnajua nilichokosea. Upepo ulishuka na vumbi lake lote, na baada ya muda fremu yangu ilikuwa kama andazi lililoviringishwa kwenye unga. Nikapiga msasa upya, roho inauma.

Mkono wa pili nikahamia sebuleni. Nikamwagia sakafu maji vumbi lilale, nikafunga chandarua darini, nikaingia humo ndani na fremu na brashi. Mke wangu kila akipita ananiuliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamwambia mgonjwa anakula vizuri.

Wakuu, ilikauka inang'aa mpaka unajiona meno. Hakuna tone, hakuna alama ya brashi, hakuna hata chembe ya vumbi. Nikafunga goroli, nikapaka grisi, nikavisha madigadi, nikafunga usukani, siti, keria, na mwisho kengele ya shangazi. Nikaizungusha Nzuguni yote kwa madaha. Mbigili zilinitoboa tairi ya mbele kabla sijarudi nyumbani, lakini hata kuisukuma nilisukuma kwa maringo. Nimewahi kununua gari wakuu, sikujisikia vile.

Iddi ikafika. Baiskeli ikapanda basi la Mpwapwa, nikaiegemeza kwenye ukuta uani kwa shangazi, nikaifunika kanga.

Baba akaja baada ya swala. Nikafunua.

Akasimama. Akaizunguka. Akapiga kengele, akaguna. Mimi nasubiri sifa, kifua mbele.

"Bluu?"

Nikaanza kueleza. Hakutaka maelezo. Akakaa mkekani, akaanza kunisomesha: kijani cha baba yake kilikuwaje, alikuwa anaipanguza na kitambaa gani, watu walikuwa wanamtambua kwa ile rangi toka mbali. Watu wake wakala wakamaliza. Yeye akasema hana njaa, halafu akaendelea kunisema. Shangazi kila akichungulia anarudi jikoni. Adhuhuri ikaadhiniwa, akaenda kuswali, akarudi palepale kwenye mkeka, akaanzia alipoachia.

Ikafika zamu ya pili yeye bado amekaa. Jambo hilo halijawahi kutokea.

Baba mdogo akaingia. Akatoa salamu, ikaitikiwa huku mtu anatazama pembeni. Nikaona anataka kugeuza, amwone shangazi jikoni kwanza. Ndipo macho yake yakatua ukutani.

Akaenda mpaka kwenye baiskeli. Akainua nyuma, akalizungusha gurudumu, akaliangalia likiyumba. Akapitisha kidole kwenye fremu. Halafu, wakuu, akageuka, na sidhani hata alijua anamgeukia nani.

"Kaka, umeona alichokifanya huyu?"

Baba hakuchelewa hata kidogo.

"Toka asubuhi namuuliza, hana jibu."

Jikoni sufuria likaanguka.

Wakaanza. Baba anasema mzee aliinunua kijani, mdogo wake anasema yeye amebebwa kwenye nyeusi mpaka akaota ndevu. Baba anasema wewe hukuwepo. Baba mdogo akatoa funguo za duka mfukoni, akainama, akaikwangua rangi yangu.

Rangi yangu. Ya kwenye chandarua. Nilitaka kulia.

Ikatoka bluu, ikatokea nyeusi kidogo niliyokuwa nimeiacha kwenye kona ya fremu, akaongeza, ikatokea kijani. Wote wawili wameinama, vichwa vinakaribia kugusana, kofia kwa kofia.

Baba akasema taratibu, "Ilipofifia mzee aliipaka nyeusi. Mimi ndiye niliyeshika kopo. Wewe ulikuwa unatambaa, ukatumbukiza mkono humo ndani mpaka kwenye kiwiko. Mama alikusugua na mafuta ya taa."

Baba mdogo akaiangalia mikono yake. Akasema hakuwahi kuambiwa hilo. Baba akasema utaambiwa na nani, uliacha kuongea na mimi. Baba mdogo akasema wewe ndiye uliyeacha. Wakaanza upya, safari hii wakibishana nani aliacha kwanza.

Shangazi hakuuliza mtu. Alitoka na sinia moja, akalitua katikati yao, akasimama pembeni maana kigoda chake kilikuwa kimekuwa siti. Wakanawa. Wakala. Baba anamegea nyama upande wa mdogo wake huku anamwambia hajui rangi, na mdogo wake anaila huku anabisha.

Mimi nilienda nyuma ya jiko nikajifanya natafuta maji. Shangazi alinifuata. Alishika uso wangu kwa mikono inayonuka vitunguu, akasema, "Leo naosha sinia moja, mwanangu."

Tulilia wote wawili, sioni aibu kuandika.

Kesho yake baba mdogo alifika na gurudumu la dukani begani. Ndala zote kazimwaga juu ya meza. Akasema lile la Majengo nilitoe, linamdhalilisha marehemu. Nilitaka kubisha, nimelinyoosha kwa mikono yangu. Nikanyamaza. Kwa mtu wa ukoo wetu hilo lilikuwa jambo kubwa.

Nilichojifunza: watu wa aina yetu ukiwataka wapatane hawapatani. Lakini ukikosea kitu wanachokipenda wote, watakusanyika kukusema wewe. Mimi nimekubali kusemwa, na bado najisifu. Ile baiskeli nimeiunga mimi.

Sasa iko kwa shangazi, bado ya bluu, ina kovu la funguo. Wamenipa amri niipake upya, ila hawajakubaliana rangi. Baba anatoka kwake anaenda dukani kwa mdogo wake kumweleza kwa nini ni kijani. Baba mdogo anarudisha ziara kumweleza kwa nini ni nyeusi. Wakitoka hapo kila mmoja ananipigia simu kuuliza rangi itapatikana lini.

Nawaambia zote mbili ziko out of stock. Mimi ni mtu wa ugavi wakuu, kuchelewesha mzigo najua.

Nimemaliza. Ambao kwenu kuna kitu kiligawanywa kikawagawanya na nyinyi, tupeni mkasa hapo chini. Na wenye ushauri wa rangi, naomba kabisa mkae nao.