Kinyozi Redio Afunga Mdomo

Walimwita Redio kwa sababu alianza kusema anapofungua kibanda chake cha kunyolea asubuhi, akanyamaza anapofagia nywele za mteja wa mwisho. Mtu akikaa kitini kunyolewa ndevu, alipewa habari za mtaa mzima zikiwa zimetiwa chumvi, kisha akaulizwa maswali ambayo mwenye wembe kooni hawezi kuyajibu. Wengine walikuja hawana hata unywele wa kunyoa, wakisingizia masharubu, ili wamsikilize tu.

Figo zilipomgomea akiwa na miaka hamsini na mbili, daktari alimpa njia mbili. Aende hospitali mara tatu kwa wiki kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, au ajisafishe mwenyewe nyumbani. Hiyo ya nyumbani ilitaka mpira mwembamba upandikizwe tumboni. Maji ya dawa yaingie, yakae saa kadhaa, yatoke na uchafu. Redio alichagua ya nyumbani, maana hakutaka kuwaacha wateja wake.

Mkewe, fundi wa kushona mapazia, alimwachia chumba chake cha vitambaa. Wakapaka kuta rangi nyeupe, wakapigilia ndoano ya kutundikia mfuko wa maji. Nesi akamfundisha: funga dirisha, zima feni, osha mikono hadi kwenye viwiko, vaa barakoa. Maji yakitoka, weka mfuko juu ya gazeti. Ukisoma herufi kupitia maji, uko salama. Usipoweza kusoma, njoo mbio.

Miezi saba alisoma vizuri tu. Asubuhi moja gazeti likapotelea chini ya maji meupe kama yaliyooshewa mchele, tumbo likawa linamkata na homa ikapanda. Hospitali wakasema ni maambukizi ya tumboni, wakamtia dawa kwenye mifuko, akapona. Wiki tatu baadaye yakarudi. Akatibiwa, yakarudi tena, na vijidudu vilikuwa vilevile. Safari hii alilazwa siku tano kwa dawa kali, na maji hayakutakata.

"Vimejijengea kwenye mpira, dawa haivifikii," daktari alimwambia. "Tukiendelea kuung'ang'ania tutakupoteza wewe. Tunautoa leo."

Redio, ambaye hakuwahi kukosa la kujibu, aliitikia kwa kichwa tu. Mkewe alisema baadaye kwamba kimya kile kilimtisha kuliko homa.

Mpira ukatolewa, homa ikashuka, naye akaanza kwenda kwenye mashine. Nesi hakuridhika. Alimjia nyumbani na mfuko mtupu wa mazoezi.

"Baba, nionyeshe ulivyokuwa ukifanya. Usiruke kitu."

Redio alifunga dirisha, akazima feni, akaosha mikono kwa utulivu wa mtu anayejua anatazamwa. Akavaa barakoa, akafungua mwisho wa mpira wa mfuko ule. Hapo akakumbuka kisa cha mteja aliyesinzia kitini akaamka na nusu ya ndevu. Akaishusha barakoa hadi kidevuni, akakisimulia chote, mpira ukiwa wazi chini ya mdomo wake.

Nesi alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akamnyooshea kidole.

"Ndivyo alivyokuwa akifanya kila siku," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Nilidhani barakoa ni ya kidevu."

"Vijidudu tulivyovipata maabara ni vya mdomoni," nesi alisema. "Nimekuwa nikijiuliza vimeshukaje hadi tumboni."

Redio alikaa kitandani, uso umemshuka. "Kwa hiyo nimejiponza mwenyewe, sista."

"Mikono yako ni safi kuliko ya wengi, baba. Ni mdomo tu. Tukikuwekea mpira mwingine, nipe dakika tano za kimya unapounganisha, na tano unapofungua."

"Tano zote?"

"Zote."

Alikaa kwenye mashine wiki kumi. Wagonjwa wenzake walizipenda sana zamu zake, lakini yeye alirudi nyumbani hoi, na kibanda kikafungwa siku tatu kila wiki. Daktari akakubali kujaribu mpira mpya, ila alimwonya kwamba huenda tumbo limeungana kwa makovu, maji yakakataa kutoka. Siku ya kujaribu, mkewe alimshika mkono wakakodolea macho mfuko. Maji yakatiririka yote, maangavu kama kioo. Redio alisoma kwa sauti tangazo la mtu aliyepotelewa na mbuzi, akalirudia mara mbili.

Kunyamaza kulimshinda mwanzoni. Mkewe akawa anasimama mlangoni akiwa na rula ya kupimia mapazia, akiigonga ukutani kila kope za mumewe zilipoanza kucheza. Siku moja mkewe akiwa sokoni, jirani alipiga hodi mara nne bila kujibiwa, akaeneza habari kwamba Redio amezimia. Walipofika watu, walimkuta na barakoa usoni, akiwahesabia kwa vidole dakika zilizobaki.

Mwaka ukapita bila mfuko hata mmoja wa maji meupe. Binti yao alipojifungua mji wa mbali, walipanda treni na masanduku mawili ya mifuko, ndoano, na barakoa za kutosha. Mkaguzi wa tiketi aliuliza masanduku yale yana nini. Lilikuwa kosa lake mwenyewe. Treni iliposimama kituo cha mwisho, behewa zima lilijua figo hufanya kazi gani.