Diski Iliyotoka Majengo

Zamani, katika mji huu wa Goma, sisi wenye gari la aina ile moja tulijuana kama watu wa kwaya moja. Tulipokutana barabarani tulipigiana honi mara mbili, na gari la mmoja wetu lilipokufa kabisa, lililisha mengine: huyu alipewa taa, yule radiyata, mwingine mlango. Sikumbuki tukigombana. Honi zikaendelea kupungua, hadi tukabaki wawili tu: mimi na rafiki yangu wa mtaa wa Majengo, aliyeimba besi kanisani miaka yote nilipokuwa katekista.

Nilizoea kumtania kwa jinsi alivyoondoka. Gari lake lilitetemeka kwanza, kama mbuzi anayejikung'uta mvua, ndipo likasogea.

"Papa, hiyo gari inaogopa barabara?" nilimuuliza.

"Haiogopi. Inafanya ishara ya msalaba. Yako ni ya mupagani, inaondoka bila kuomba."

Alipofariki, gari lake lilibaki uani chini ya turubai, karibu na ukuta wa mawe meusi. Muda si mrefu ambreyaji ya gari langu, ile inayounganisha injini na magurudumu, ikaisha. Nilikuwa Kibumba kuchukua viazi na kabichi. Nikikanyaga mafuta, injini ililia kwa nguvu, lakini gari lilijikokota kama mtu mwenye homa, na ndani pakajaa harufu ya kuungua. Nilifika nyumbani kwa sababu njia inateremka, na kwa huruma ya Mungu.

Fundi wetu alilala chini ya gari, akatoa diski ya ambreyaji, akanionyesha. Ile ngozi ngumu inayoshika ilikuwa imekwisha, riveti zimebaki wazi.

"Muzee, hii tumeishaivalisha sana," alisema. "Nimeipigia hata ngozi ya breki ya lori. Sasa chuma yenyewe imepasuka. Tafuta ingine."

Nilitafuta. Muuza vipuri mmoja aliigeuza diski mkononi, akaniuliza kama niliikuta ndani ya safina ya Nuhu. Niliagiza Butembo, nikaagiza ng'ambo ya mpaka. Haikupatikana.

Ningekuwa peke yangu ningeliacha gari lipumzike. Lakini mke wangu ana nyonga mbovu, na mguu wake wa kulia haukunjiki. Pikipiki hawezi kuipanda, na kwenye taksi, akibanwa na wengine, hushuka analia. Ni gari letu tu, ambalo fundi alikisogeza kiti chake cha mbele hadi nyuma kabisa, lililoweza kumfikisha misa. Sasa Jumapili zikawa zinampita akiwa nyumbani. Aliletewa Komunyo, akashukuru, kisha akaniambia, "Yesu ananitembelea, asante sana. Lakini mama wenzangu siwasikii. Nisikufe bila kuimba nao tena."

Mimi na mke wangu tulijua diski nyingine iko wapi: Majengo, chini ya turubai. Lakini mjane wa rafiki yangu alikuwa bado katika kilio, na kwetu vitu vya marehemu haviguswi wala kuulizwa kabla familia haijakusanyika, ikasali na kuondoa matanga. Fundi aliniambia niende tu, niombe kwa upole. Nilikataa. Nilikuwa nimeongoza sala kwenye kaburi la rafiki yangu. Sikuweza kurudi kwa mjane wake na spana.

Tukangoja. Jioni tulisali rozari, na mke wangu aliongeza nia yake: "Na ile kitu, Mama Maria, unaijua."

Siku ya kuondoa matanga ikafika. Tuliimba, tukala, na mjane alikuwa ameacha nguo nyeusi. Nilikunywa chai yangu, nikaanza kuzungukazunguka na maneno. Akanikatiza.

"Papa, ni ambreyaji?"

"Mama, nani amekuambia?"

"Gari yako siisikii tena hapa njiani. Na umekuja kwa miguu, viatu vumbi tupu. Wengine walikuja mbele ya kilio kuisha, wanataka chuma, nikawafukuza na mufagio. Wewe ndiye nilikuwa nangoja. Mbona umekawia hivi?"

"Nilikuwa nangoja umalize."

"Basi nimemaliza. Funua turubai. Lakini Jumapili mupitie hapa. Mimi pia magoti yananisumbua."

Kesho yake fundi alifungua lile gari pale uani, kuku wakimzunguka. Diski ilikuwa bado na ngozi ya kutosha. Mjane aliigusa kwa kidole kimoja, akajifuta grisi kwenye kitenge chake, akaingia ndani.

Jumapili, diski ile ikiwa ndani ya gari letu, tukampitia. Mke wangu alikuwa mbele, mguu ameunyoosha. Mjane akakaa nyuma, amevaa kitenge cha kwaya. Nilikanyaga ambreyaji, nikatia gia ya kwanza, nikaachia ambreyaji taratibu. Gari letu, ambalo maisha yake yote liliondoka kimya, likatetemeka toka mbele hadi nyuma, ndipo likasogea.

 Kisha nikasikia mjane anacheka kule nyuma, na kicheko chake kilikuwa na machozi.

"Ni yeye," alisema. "Ni vile alikuwa anaondoka."

Mke wangu akanigeukia. "Sasa papa, utamucheka nani?"

Nilipiga honi mara mbili, ingawa hapakuwa na wa kunijibu, tukaenda misa.