Upande Mmoja wa Kichwa cha Eufrasia

Masatu alinunua mashine yake ya kunyolea mwaka 1967, katika duka la Mhindi mmoja pale Iringo, mjini Musoma. Aliingia dukani asubuhi, akatoka jua likiwa la utosi. Mashine zilikuwa tano. Zile za bei ya juu zilikaa ndani ya visanduku vyekundu vyenye kitambaa laini, mipini imechongwa maua. Aliziacha. Alitaka ya bei ya mtu wa kawaida, ila iwe ya kweli.

Kila moja aliifungua vipande vitatu: mpini, kitanda cha wembe na kifuniko. Alikwaruza kwa ukucha upande wa ndani wa kifuniko, mahali ambapo mnunuzi haangalii, aone kama chini ya ule weupe kuna shaba ya njano au bati tupu. Alifunga na kufungua skrubu ya mpini mara kumi, asikie kama inauma vizuri. Mwisho alitia wembe, akainua mashine kwenye mwanga wa mlango na kutazama kama wembe umechomoza sawasawa pande zote mbili. Ukichomoza zaidi upande mmoja, alisema, upande huo utakata na ule mwingine utaparura.

"Wewe Masatu," Mhindi akamwambia kwa Kiswahili chake cha dukani, "nanunua mashine ama naoa?"

"Mke nikikosea kuchagua atarudi kwao, bwana. Hii nikikosea nitabaki nayo."

Akanunua ya nne. Mhindi alicheka, lakini wembe aliompa juu yake ulikuwa wa bure.

Mimi nilikuwa nashona nyavu Mwigobero, ufukweni mwa ziwa, hatua ishirini kutoka kiti chake cha kinyozi, kwa hiyo najua alivyoitunza. Kila akimaliza kunyoa, aliifungua yote, akaimwagia maji ya moto, akakung'uta. Wembe hakuufuta kwa kitambaa, maana kitambaa kinaua makali. Aliuacha ukauke wenyewe kwenye upepo wa ziwa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani, kisha pamba, kisha ndani ya kopo la tumbaku. Hakumwazima mtu. Aliwahi kuja mzee mmoja wa Butiama, Nyamhanga, mwanajeshi mstaafu, ambaye yake ilikuwa imeliwa na kutu. Akaomba ya Masatu siku tatu tu, aende nayo harusini. Masatu akamjibu mbele ya watu, "Mashine haiazimwi, mzee. Ningekuomba mswaki wako ungenipa?" Watu walicheka. Nyamhanga hakucheka.

Siku hizi natembea ufukweni hapo hapo nakanyaga vile vijiwembe vya plastiki. Mtu ananyoa mara mbili, anatupa, ananunua kingine. Vijana wananiambia ndiyo maendeleo. Hawajapata kuwa na kitu ambacho wangelia kikipotea.

Kwao Masatu ni kijiji cha Bukima, na huko hakuwa kinyozi tu. Alikuwa mnyoaji wa ukoo, kama baba yake. Mtu wa ukoo akifa, siku ya nne baada ya mazishi mnyoaji huwanyoa wafiwa, akianza na mjane. Kabla ya hapo mjane hatoki nje ya ua, hagusi jembe, hapiki, wala hali chakula cha mkono wa mtu mwingine isipokuwa uji. Na sharti moja lilikuwa kubwa kuliko yote: damu ya mfiwa ikidondoka, mnyoaji huweka wembe chini, na wembe ule hauguswi tena katika msiba huo. Atafute mwingine ndipo amalizie.

Baba yake alinyoa kwa kisu kidogo cha chuma kilichofuliwa na wahunzi, akakinoa kwenye jiwe la mtoni. Mwaka ule aliponunua mashine, Masatu alikitumbukiza chooni. Wazee walimuuliza kwa nini. Akasema kina kutu, kitaleta pepopunda, na sasa tuko kwenye wakati wa wembe. Nilimsifu. Nilikuwa nimetoka kujifunza kusoma kwenye gazeti, na neno "wakati" lilinilevya mimi pia.

Basi wakati ukaja. Kufikia mwaka 1982 hapakuwa na sabuni, hapakuwa na chumvi, na nyembe zilikuwa zimesahaulika. Masatu aliunoa wembe mmoja miezi minne kwa kuuzungusha ndani ya glasi, ukibanwa na vidole viwili, mara hamsini upande huu na mara hamsini ule. Walimu walifuga ndevu. Halafu mpwa wake mvuvi akamletea kwa mtumbwi pakiti kumi na moja kutoka upande wa Kenya, wakati mpaka umefungwa. Magendo, ndiyo. Sote tuliishi kwa magendo, hata waliotukamata.

Mwaka uliofuata ukaja msako wa wahujumu uchumi. Tulisikia mtu fulani amechukuliwa kwa sababu ya vitenge sita. Watu walitupa mali ziwani: redio, betri, vitambaa; asubuhi maji ya Mwigobero yalikuwa na povu la sabuni ambayo hatukuwa tumeiona dukani miaka miwili. Masatu alimwambia mkewe, Dafroza, "Mama Tereza, lile kopo likionekana tumekwisha."

Alimaanisha nyembe. Nyembe alikuwa amezificha ndani ya kopo lile la tumbaku, chini ya pamba, na juu ya pamba akaweka mashine kama kawaida yake. Siku ya Alhamisi, Masatu akiwa kwa mteja, jirani akapita anakimbia, akisema mgambo wako nyumba ya tatu. Dafroza akachukua kopo, akalifunga ndani ya kanga pamoja na jiwe la kusagia, akashuka kwenye miamba na kulirusha.

Mgambo hawakufika. Waliishia nyumba ya pili, wakanywa chai, wakaondoka.

"Na mashine?" Masatu aliuliza.

"Mashine gani, Baba Tereza? Si ulisema kopo?"

"Mashine ilikuwa na kosa gani, mama? Nani amefungwa kwa kunyoa ndevu?"

"Ulisema kopo. Mimi nilikuwaga nafungua kopo lako lini?"

Kweli, hakuwa amemruhusu kulifungua hata siku moja. Akavua shati, akazamia pale miambani siku mbili, mchana kutwa, akitoka na matope na kucha zilizochanika. Siku ya tatu ndipo ikaja habari kwamba mdogo wake, Renatus, amefia Bukima kwa homa.

Renatus aliacha mjane, Eufrasia, na mtoto wa kiume anayenyonya. Aliacha pia neno baya: yeye na Masatu walikuwa wamegombania kipande cha shamba la baba yao, na walikuwa hawajapatana. Ndugu walizika, wakakaa, wakamtazama Masatu. Asiponyoa siku ya nne, watasema anamfungia mjane ndani kwa makusudi ili shamba libaki pori. Tena mvua za masika zilikuwa zimeanza siku ile ile ya mazishi, na mtama ulikuwa haujapandwa.

Alimwendea Eufrasia alikokaa kwenye mkeka. "Shemeji, nipe siku nne. Nitaleta wembe."

"Lete upesi, shemeji. Maziwa yanakauka kwa huu uji."

Alizunguka Musoma nzima siku ya kwanza. Iringo, duka la Mhindi lilikuwa na viberiti na majani ya chai, basi. Siku ya pili akaenda Butiama kwa Nyamhanga, kwa kuwa alisikia ameshapata mashine mpya ya jeshi. Alimkuta nje ya nyumba, ndevu zimefika kifuani.

"Karibu, Mzee Mswaki," Nyamhanga akasema.

"Nimefiwa, mzee wangu. Nina mjane wa kunyoa."

"Pole sana. Mashine ninayo. Wembe sijaona mwaka wa pili. Unaziona hizi ndevu? Unadhani natafuta upadri?"

"Basi niazime mashine. Wembe nitautafuta Bunda."

Nyamhanga akaita ndani, Masatu aletewe maji ya kunywa. "Kunywa maji, uende Bunda. Mashine haiazimwi."

Masatu aliniambia baadaye kwamba hakuona uchungu. Alisema ni sauti yake mwenyewe aliyoisikia, ila kutoka kinywa kingine.

Bunda alifika siku ya tatu, juu ya lori la pamba. Nyuma ya soko akaonyeshwa bwana mmoja anayeitwa Mseti, aliyeuza vitu kutoka ndani ya koti. Mseti alikuwa na mashine moja, na ndani yake wembe mmoja uliokwisha kutumika. Masatu akakwaruza kwa ukucha: bati. Akajaribu skrubu: ililegea mara mbili, ikashika mara moja. Akainua kwenye mwanga, akaona wembe umekaa upande, umechomoza kulia kama jino la mbwa.

"Hii siyo mashine, bwana mdogo. Hii ni picha ya mashine."

"Basi nenda kwenye duka lenye mashine, mzee."

Aliujua ubovu wake. Mtu aliyekaa dukani tangu asubuhi hadi mchana kuchagua moja kati ya tano, alishika mkononi kitu ambacho asingekubali kumnyolea mbuzi. Akavua viatu vyake akampa Mseti, akarudi peku. Usiku kucha aliunoa wembe ule ndani ya glasi, akakunja kipande cha gazeti na kukitia chini ya wembe upande wa kulia ili ulale sawa.

Asubuhi ya siku ya nne ukoo ulikusanyika. Eufrasia akaketi kwenye kigoda katikati ya ua, mtoto akashikwa na shangazi. Masatu akaanza upande wa kushoto. Mikono yake ilijua kazi. Nywele zilitoka safi, ngozi ikabaki inang'aa, na wanawake wakaanza kupumua. Alipovuka utosi, gazeti lilikuwa limelowa. Likateleza. Akakaza mpini, skrubu ikazunguka bure, na wembe ukahama na kuzama juu ya sikio la kulia.

Eufrasia akashika kigoda kwa mikono miwili. Damu ilishuka shingoni, ikadondoka kwenye kigoda.

Mzee Makongoro, mkubwa wa ukoo, akasema, "Weka chini."

"Baba, nusu imebaki."

"Naona. Weka chini. Tafuta mwingine."

"Hakuna mwingine! Nimekwenda mpaka Bunda!"

"Kisu cha baba yako kiko wapi?"

Masatu akaweka mashine chini, kando ya kigoda. Eufrasia akarudi ndani na kichwa nusu.

Masatu akaondoka tena siku hiyo hiyo, peku, kwenda Musoma. Kwa siku tano alipiga hodi kila nyumba ya mtu aliyewahi kunyoa kwake. Mwalimu mmoja alimpa kipande cha wembe wa kuchongea penseli, hakikukata hata uzi. Siku ya sita tangu damu kudondoka, Eufrasia akaamka, akajifunga mtoto mgongoni, akachukua jembe, akatoka nje ya ua na kichwa chake hivyo hivyo, upande mmoja ngozi na upande mmoja nywele, na kidonda kimevimba juu ya sikio. Akapanda mtama kwenye mvua, watu wote wakiona.

Hakuna aliyemsaidia kupanda. Wiki tatu baadaye surua ikapita Bukima na kuchukua watoto wengi, wa kwake akiwa mmoja wao. Zahanati haikuwa na dawa hata ya kikohozi. Lakini waliofiwa wengine walisema ni surua, na kwake wakasema ni kichwa. Mtama ulipokomaa hakuukata yeye. Alikuwa ameshahama, hakuna aliyeuliza ameelekea wapi.

Ukoo haukumwita tena Masatu kunyoa. Haukumwita mwingine pia. Msiba uliofuata wafiwa walikata nywele kidogo kwa mkasi, uliofuata hawakukata kitu, na leo wajukuu wanadhani tulikuwa tukinyoa kwa sababu ya chawa.

Halafu maduka yakajaa. Kufikia 1989, Iringo ilikuwa na nyembe mpaka kwenye meza za wauza karanga. Masatu alipita duka hadi duka kwa mwezi mzima, akikwaruza, akifunga, akiinua kwenye mwanga. Wauzaji wapya hawakuwa na subira. "Babu, zote ni sawa," wakamwambia. Mwishoni aliipata moja ya shaba, ndugu wa ile iliyozama. Akaitia mafuta, akaifunga pamba, akaniambia nimsindikize Bunda. Alikuwa amesikia Eufrasia anauza dagaa karibu na stendi.

Tulimkuta. Alikuwa amenenepa kidogo, amefunga kitambaa kichwani.

"Shemeji," Masatu akasema, "nimeleta wembe."

Eufrasia alipima kopo moja la dagaa kwa mteja, akamfungia, akamuaga. Kisha akasema, "Nilikuwaga nakungojea nyuma ya mlango ule. Kila baiskeli ikipita nasema ndiye."

"Najua."

"Hujui."

Akavuta gunia tupu, akaketi juu yake pale pale sokoni, akafungua kitambaa. Nywele zilikuwa nyeupe kabla ya umri wake, na juu ya sikio la kulia palikuwa na mstari usioota kitu. "Haya, nyoa. Si ndicho ulichofuata?"

Sijapata kuona kazi nzuri kama ile. Masatu alilowanisha, akanyoa kulia kisha kushoto, akauzunguka ule mstari kama mtu anayezunguka kaburi na jembe. Hakuna tone la damu. Alipomaliza, Eufrasia alipitisha kiganja kichwani toka mbele hadi nyuma.

"Ni laini," akasema. Akafunga kitambaa chake. "Sasa umenyoa. Usije tena, shemeji."

Akageukia dagaa wake.

Tulipanda basi. Karibu na Musoma nikamwambia, "Masatu, hujaisafisha mashine." Ilikuwa mkononi mwake bado, imelowa, wembe umejaa nywele nyeupe. Aliitazama, akaitia mfukoni hivyo hivyo.

Alikufa mwaka wa tatu baada ya safari hiyo. Dafroza aliponiletea ile mashine, kifuniko kilikuwa kimegandana na mpini kwa kutu ya wembe. Nimejaribu mafuta ya taa, nimejaribu maji ya moto. Haifunguki.