Kompyuta Iliyokwama Begani

Haya ameyasimulia Mama Feni mwenyewe, Jumanne iliyopita, mkono mmoja ukiwa na bisibisi na mwingine na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Aliulizwa jinsi anavyochagua pawa saplai, lile sanduku la chuma lenye ukubwa wa tofali linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Akacheka. Alisema ni kazi rahisi mpaka siku utakapokosea, na siku yake ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyotangulia.

Asubuhi ya siku hiyo amepiga magoti mbele ya kasha la kompyuta lililo wazi. Chumba ni kimoja, kazi ni mbili. Upande wa mlango ni wake, na kompyuta zake zilizotolewa matumbo. Upande wa dirisha ni wa wifi yake, mshonaji, mwenye cherehani, pasi na taa moja iliyoinama juu ya kitambaa kama inasoma. Ukuta ni mmoja, waya wa umeme ni mmoja, na ubishi wa nani achomeke nini hauna likizo.

Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, amekaa mkunga mstaafu. Huyu ndiye mwenye kompyuta. Amezalisha nusu ya mtaa, pamoja na watoto watatu wa wifi, na hakuna anayethubutu kumwambia asogee.

Mikono ya mkunga inatetemeka siku hizi. Ilianza kidogo kidogo, kijiko kikigonga sahani, mpaka akaacha kazi. Kilichomuuma si kustaafu. Ni kitu kimoja ambacho mikono hiyo ilikijua na mdomo wake haukuweza kukifundisha.

"Kuna mtoto kichwa kinatoka vizuri, kila mtu anafurahi, halafu bega linanasa kwenye mfupa wa mama," alimweleza Mama Feni. "Hapo una dakika chache tu. Mkono unaingia hivi, unageuka hivi. Sasa mimi nikigeuza hivi, wanafunzi wanaona bibi anatetemeka."

Basi akajifunza kuchora kwa kompyuta. Uzeeni, macho yakiwa na miwani ya unene wa chini ya glasi, alikaa miaka mitatu akimchora mtoto yule: mifupa, maji, ngozi, na mkono wa mkunga usiotetemeka. Michoro ilipokamilika ilibaki kuifanya itembee, na hapo ndipo kompyuta yake ya kawaida iliponyoosha mikono. Mpwa wake, anayechorea wajenzi picha za nyumba, akamwazima kadi kubwa ya picha, kifaa kinachochora kwa niaba ya kompyuta, kwa wiki mbili. Jumatatu baada ya Alhamisi hiyo angekuja kuichukua.

Mama Feni hupata kazi nne au tano kwa wiki, nyingi za kufuta vumbi na kubadilisha kibodi. Jina lake lilitokana na feni za majirani alizokuwa akitengeneza. Siku moja akagundua kompyuta nayo ina feni, akaifungua aone inapoza nini, na hakutoka tena humo. Lakini kadi kama ile alikuwa ameiona dukani nyuma ya kioo tu. Ni nzito kama tofali, ina feni tatu, na peke yake inakula wati mia nne na hamsini.

"Nyumba nzima ya mama yangu haikuwahi kula umeme wa hiyo kadi," anasema. "Na kazi yake ni kufuata mwanga tu. Mwanga unaingia majini, unagonga shavu la mtoto, unarudi. Inaufuata kila mwali. Wewe ungeweza?"

Kosa lilikuwa lake, na hasiti kulisema. Alipiga hesabu: kadi mia nne na hamsini, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, mia moja na hamsini, makorokoro mengine hamsini. Jumla mia sita na hamsini. Akafunga sanduku la wati mia saba na hamsini, akaona amebakiza na ya akiba. Kompyuta ikawaka. Ikachora vizuri, picha moja baada ya nyingine, kichwa cha mtoto kikatoka kwenye skrini taratibu. Ilipofika begani, ikazimika.

Wakaiwasha. Begani, ikazimika. Wakaiwasha tena, na tena. Hilo lilikuwa limeendelea tangu Jumatatu, na asubuhi ile ya Alhamisi mkunga alikuwa amekwisha kuanza kukata tamaa. Alisema huenda kadi ina ugonjwa, airudishe mapema kabla haijafia mikononi mwake, na picha yake ibaki mtoto aliyekwama.

Mama Feni akamsihi asubiri. Akamwonyesha hesabu yake, tarakimu kwa tarakimu, kuthibitisha kwamba umeme unatosha. Mkunga alimsikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza wazazi wa mimba ya kwanza.

"Hiyo hesabu, mwanangu, umempimia akiwa amelala au akiwa anasukuma?"

Mama Feni akaitazama hesabu yake upya. Kutoka dirishani wifi yake akadakia, sindano ikiwa mdomoni, kwamba yeye alishasema tangu siku ya kwanza ila humu ndani mshonaji hasikilizwi.

"Umesema nini?"

"Nimesema kompyuta yako inaikonyeza taa yangu. Kila ikitaka kufa, taa inakonyeza kwanza. Wewe ukaniambia nibadilishe balbu, nami nikanyamaza, maana fundi ni wewe."

Kumbe alikuwa amelisema kweli, mara mbili. Mama Feni alidhani ni yale mashambulizi ya kila siku kuhusu pasi. Sasa akaiwasha kompyuta, akaipa mgongo na kuikodolea macho taa ya wifi yake. Kichwa kikatoka. Bega likafika. Taa ikafifia kwa muda wa kupepesa jicho, na nyuma yake feni zikanyamaza.

Anasema hapo ndipo alipoelewa. Wati mia nne na hamsini zilizoandikwa kwenye kadi ni za mwendo wake wa kawaida. Lakini mwanga ulipolazimika kupenya maji, ngozi na vidole kwa pamoja, kadi ilivuta pumzi moja kubwa, labda mara mbili ya kawaida yake, fupi kiasi kwamba mita ya Mama Feni ya kupimia umeme haikuwahi kuisoma. Sanduku lilishtuka, likajizima lisiungue. Kadi haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inasukuma, na hakuna aliyeishika mgongo.

Mkunga alimkabidhi fedha za kununua sanduku jingine. Zilitosha moja, si mawili, kwa hiyo nafasi ya kukosea ilikuwa imekwisha.

Muuza vifaa alimwekea matatu juu ya meza. La kwanza lilikuwa na taa za rangi na maandishi makubwa ya wati elfu moja na mia mbili. Mama Feni akalinyanyua, akalirudisha; lilikuwa jepesi kama boksi la viatu, na sanduku lenye nguvu kweli lina shaba na chuma tumboni. La pili lilikuwa zito. Muuzaji akatabasamu, maana tabia yake ya kupima kwa mkono anaijua. Mama Feni akalitikisa karibu na sikio. Ndani kitu kikagonga: kipande cha chuma kisicho na kazi, kimebandikwa ili kumlaghai mtu wa aina yake.

"Hili limekula jiwe," akamwambia. Muuzaji akasema na yeye ameuziwa hivyohivyo, akalisukuma pembeni bila kumtazama usoni.

La tatu lilikuwa jeusi, halina mbwembwe. Kwa hili hakusoma namba kubwa. Alitafuta kibandiko cha ubavuni, mstari mdogo wa volti kumi na mbili, kwani humo ndimo kadi inamonywea. Ampea themanini na tatu. Akazidisha kwa kumi na mbili kichwani: kama wati elfu moja, karibu zote kwenye mstari mmoja. Na lilikuja na waya wake mnene, wenye plagi ya kadi kubwa. Akalipakata njia nzima, akikataa msaada wa kubebewa.

Aliporudi chumbani, mkunga, kwa huruma, alimwambia asijisumbue kung'oa nyaya za sanduku la zamani. Zimeshapangwa vizuri, na plagi zinafanana. Mama Feni alimshika mkono kabla haujazifikia plagi. Plagi zinafanana kwa sura, alimweleza, lakini ndani kila kiwanda kinapanga njia zake, na ukichanganya, umeme unaingia pasipokuwa pake na kadi inaungua mara moja.

"Kila kitovu na mama yake," mkunga akasema, akaurudisha mkono mapajani.

Mama Feni akazing'oa zote. Akapitisha mpya, akauchomeka ule waya mnene kwenye kadi, akainuka.

"Bado," akasema mkunga.

Kwa macho plagi ilikuwa imeingia. Mama Feni akarudi magotini, akabonyeza kwa dole gumba mpaka akasikia tik, ndogo kama ya kucha. Plagi isiyozama mpaka mwisho huyeyuka yenyewe, taratibu, na kadi nayo. Alimuuliza bibi amejuaje. Mkunga akasema hajui lolote kuhusu waya. Ameona tu bega la fundi halijashuka.

Kabla Mama Feni hajabonyeza kitufe cha kuwashia, wifi yake akachomoa pasi ukutani bila kuombwa. Nguo za harusi ya watu zilikuwa zimejaa kwenye kitanda kilichokuwa pembeni, zote na makunyanzi.

"Bibi harusi akiuliza, nitamwambia kuna mtu anajifungua," akasema.

Kompyuta ikawaka. Kichwa kikatoka, mraba mmoja mmoja ukijijaza kwenye skrini, nywele zikiwa zimelowa, maji yakiwa na mwanga ndani yake kama asali juani. Bega likafika. Taa ya dirishani ikakonyeza.

Feni hazikunyamaza.

Taa ikakonyeza tena, na tena, na kila ikikonyeza picha mpya ilizaliwa. Mkono wa mkunga ukaingia, wa kwenye skrini, umetulia kabisa. Ukageuka hivi. Bega likateleza chini ya mfupa na mtoto akafuata, mzima, anang'aa. Wifi mtu alikuwa ameshika kitambaa mdomoni. Alisema mtoto wake wa pili alitoka hivyohivyo, na muda wote huu hakuwahi kujua alifanyiwa nini.

"Ndicho nilichokufanyia," mkunga akamwambia.

Picha zilizobaki zilikuwa mamia, kazi ya kuendelea jioni yote. Mkunga anataka zikikamilika azipeleke kwenye vyuo vya wakunga, bure, kila chuo na nakala yake. Mama Feni naye ana mawili anayoyataka: mita yenye skrini inayoweza kunasa ile pumzi fupi, asisubiri tena kuambiwa na taa, na waya wa pili wa umeme kutoka kwenye boksi la ukutani kwa ajili ya pasi ya wifi yake. Hilo la pili amesema litatangulia.

Mkunga alisinzia wa kwanza, hapohapo kitini, mikono ikiwa wazi mapajani. Katika usingizi haikutetemeka. Wifi mtu alijilaza juu ya nguo za harusi, akisema makunyanzi hayana pa kuongezeka. Mama Feni alikaa akizihesabu picha zikipita, kisha akaegemeza kichwa mezani, karibu na sanduku jeusi, hewa yake ya moto ikimpuliza sikioni kama mtoto anayepumua. Taa ya dirishani ikakonyeza, na safari hii hakuinua kichwa.