Kidole cha Mzee Edward

Watu wa Kagongwa wakimwona Mayala kwenye televisheni hucheka kabla hajafungua mdomo. Wacheke tu, hawajui kile kikohozi anachowachekeshea kilitoka kwa nani. Au wanajua, na ndiyo maana wanacheka zaidi.

Kilitoka kwa baba yake, Mzee Edward. Ujana wake wote mzee huyo aliumalizia kwenye karasha huko Geita, anasaga mawe ya dhahabu ya wenzake, vumbi linamwingia kifuani. Akarudi nyumbani na kikohozi cha kukata maneno. Akianza kusema, kinambana. Basi anainua kidole kimoja, yaani mningoje, anakohoa mpaka machozi yanamtoka, kisha anaendelea palepale alipoachia. Nyumbani walikuwa wanamngoja. Hakuna aliyecheka.

Mayala alianza na ushereheshaji wa harusi kule Nyahanga, akahangaika miaka, vichekesho vyake vinadoda. Siku moja ukumbini Shinyanga watu wakaanza kumzomea, na yeye akawa ameishiwa. Jamani, mtu akiishiwa hushika chochote kilicho karibu. Akainua kidole, akakohoa. Ukumbi ukalipuka! Hapo ndipo alipozaliwa Mzee Vumbi, babu anayetaka kuposa binti lakini kikohozi hakimpi nafasi ya kumtaja jina. Video zikasambaa kwenye simu, zikafuata tamthilia, na Mayala akawa mtu.

Mzee Edward simu yake ilikuwa ya tochi. Alikuja kujulia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kikohozi kilimbana pale, akainua kidole, na foleni nzima ikamwinulia vidole huku ikiangua kicheko. "Mzee Vumbi, mtaje basi huyo binti!" Akadhani wamelewa. Alipokwenda zahanati ikawa vilevile, mpaka mgonjwa mmoja akamwonyesha simu. Alitazama video yote, mpaka mwisho, akarudi nyumbani bila kumwona daktari.

Tangu hapo hakukohoa tena mbele ya mtu. Kikimbana aliingia chumbani, akauma taulo. Mkewe akampigia Mayala: "Njoo umpeleke baba yako hospitali, anakufa kwa aibu." Mayala akajibu kwamba anamalizia kurekodi. Mshenzi kabisa! Alimaliza, ndiyo, akaja na gari la kukodi, akamkuta mzee amebaki mifupa.

"Shikamoo baba. Twende hospitali."

"Marahaba. Daktari wa huko naye ana simu?"

Mayala akapiga magoti, akalia, akaapa kwamba hatamwigiza tena. Mzee akainua kidole. Mayala akangoja. Lakini mzee hakukohoa; alikishusha kidole, akageukia ukutani. Wiki hiyohiyo akafariki.

Msibani akaja Kudra, Mzaramo mwenye duka la vitenge pale mjini, mtani wa Wasukuma. Kazi ya mtani mnaijua: huvaa nguo za marehemu, akamwiga mwendo na sauti, wafiwa wakapata kucheka kidogo katikati ya kilio. Hiyo ni haki ya mtani. Mtoto wa kuzaa hana haki hiyo, hata awe nani. Kudra akavaa koti la Mzee Edward, akajikongoja mpaka karibu na kaburi, akainua kidole.

Watu wote wakamgeukia Mayala. Kudra hawakumtazama hata kidogo. Huko nyuma mtu akasema, "Mwacheni mwenyewe afanye, huyo hajui." Wenzake wakacheka, jeneza likiwa hapo hapo mbele yao.

Kudra akashusha mkono. Akalivua koti, akalikunja, akamwekea Mayala mikononi.

"Shika wewe," akamwambia. "Sisi watani huwa tunasubiri mtu afe kwanza."

Mayala akalipokea. Mama yake, aliyekuwa amemshika bega tangu asubuhi, akamwachia.